Jini la Kifaransa la Rumaisa

Mtaani kwetu Kinondoni mwanamke anaruhusiwa kuruka vitu viwili: kamba, mpaka amalize darasa la saba, na dimbwi la maji ya choo, mpaka afe. Akiruka cha tatu, watu wanaulizana tairi la kumchomea liko wapi.

Cha tatu cha Rumaisa, mshona mabuibui, binti wa Mzee Awadh wa duka la viungo, kilikuwa ukuta. Aliona kwenye simu vijana wa ng'ambo wakicheza parkour, ile sanaa ya kutoka hapa kufika pale kwa kukimbia, kuruka na kupanda bila ngazi. Akaanza kama wanavyoanza wenye akili: kwa kujifunza kuanguka. Nyuma ya kwao kuna pagale ambalo mwenyewe kalitelekeza na lundo lake la mchanga. Kila akimaliza sala ya alfajiri alijitupa pale, akaingiza bega, akabiringika, akainuka. Alipojua kuanguka ndipo akaugusa ukuta.

Asubuhi moja tofali bovu likamponyoka mguuni, akadondokea upande wa pili, uani kwa jirani yao, Mama Benedicta. Akabiringika kama alivyojifunza, akasimama mzima. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Angevunjika mguu angepewa pole. Lakini suruali nyeusi, ushungi mweusi, geti lina kufuli, na mtu kasimama uani hana hata mchubuko? Pwani nzima inajua nani hudondokea uani alfajiri: mchawi ambaye ungo umemwishia nguvu angani. Mama Benedicta hakuuliza. Alipiga yowe, na mtaa ambao hauamkagi hata nyumba ikiungua ukaamka wote.

Mjumbe Praygod akaja na singlendi, mswaki mdomoni.

"Shikamoo mjumbe," Rumaisa akasema.

"Marahaba. Sasa sista, wewe ni mwizi au mchawi?"

"Nafanya mazoezi."

"Hilo halimo."

Akawaeleza kwa hasira kwamba mchezo ule uliinuliwa na vijana wa vitongoji vya Paris, watu wa pembeni ya jiji kama sie; na kwamba mizizi yake ni mazoezi ya ofisa mmoja wa jeshi la majini la Ufaransa, aliyesafiri zamani hizo akawaona Waafrika wanavyokimbia, kupanda na kuruka, miili imara bila jimu wala mwalimu, akaenda kuwafundisha wenzake. Yaani Mzungu kamtazama Mwafrika anaruka, kapata somo. Sie tukimtazama mwenzetu anaruka, tunatafuta petroli. Na kweli, kuna bwege alikuwa tayari kashika kidumu.

Mzee Awadh akafika na msuli wake, anahema. Akakiona kile kidumu.

"Niwieni radhi majirani," akasema. "Binti yangu ana jini."

Nyuso zikalainika papo hapo. Mwizi hupigwa, mchawi huchomwa, lakini mwenye jini ni mgonjwa. Kidumu kikashushwa chini. Mmoja akauliza ni jini la wapi.

"Si kasema mwenyewe?" mjumbe akajibu. "La Kifaransa."

Rumaisa angenyamaza, angerudishwa nyumbani akafukizwe ubani, na ukuta asingeugusa tena maisha yake yote.

"Sina jini, baba," akasema. "Nina mazoezi."

Akageuka, akakimbia, akaukanyaga ukuta, akaushika juu, akavuka. Wakamsikia akibiringika mchangani upande wa pili.

"Mmeona?" mjumbe akasema kwa upole. "Limempanda."

Tangu siku hiyo hakuna anayemgusa. Anapanda mchana kweupe, na Mama Benedicta, mlokole wa kukemea mapepo hadi majirani wahame, huacha kikombe cha marashi chini ya ukuta ili jini lisikasirike. Rumaisa kila akikikuta hukimwaga, anatukana. Anachotaka ni kuitwa mtu anayeruka ukuta, basi, na mtaa umekataa katakata. Umempa uhuru wa kichaa, kwa sababu uhuru wa mwenye akili haujawahi kuwepo huku kwetu.

Juzi nilimkuta pagaleni na wasichana wamepanga foleni mchangani. Wa mbele alikuwa Benedicta mwenyewe, anajifunza kuingiza bega. Nikauliza mama yake kakubali vipi.

"Kaambiwa nimemwambukiza," Rumaisa akasema, bila kucheka, akamgeukia Benedicta. "Anguka tena."