Ruhusa ya Kuzika

Baba yangu alimuua bibi wa Nassa ofisini kwa mwalimu mkuu, akiwa na shati lililopigwa pasi vizuri. Mimi nilisimama pembeni yake nikiangalia viatu vyangu. Nilikuwa darasa la saba hapa Somanda na shule ilikuwa haijafunga, lakini likizo ya baba ya kazini ilikuwa imetoka, naye alitaka twende Serengeti kuona wanyama. Kwa wanyama ruhusa haitolewi. Kwa msiba inatolewa.

Mwalimu mkuu akatupa pole. Darasa zima likasimama kuniombea, na rafiki yangu akalia kweli kweli, mjinga yule, mpaka na mimi nikalia.

Nyumbani mama alikuja juu. "Kwa nini hukumuua mama yako?"

"Mama yangu anaumwa," baba akasema. "Nitamchuria."

Huyo mgonjwa yuko Iringa mpaka leo, na ugali anamaliza.

Tulipotoka kwa wanyama tukasogea mpaka Nassa kumsalimia marehemu. Alitupikia sato. Akauliza, "Kwani shule zimefungwa?" Baba, ambaye hujiona mchekeshaji, akamsimulia yote. Niliona aibu hadi chakula kikanishinda. Bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa khanga.

"Basi niongezeeni ugali. Nimefufuka na njaa."

Lakini alipotusindikiza barabarani alinishika mkono, akabaki nao. "Ng'wanawane, mwanangu, nikifa kweli, uje. Usiniache na watu wazima tu."

Nikamwambia nitakuja.

Muhula haukuisha. Simu ilipigwa asubuhi, bibi ameanguka shambani kwenye pamba, hakuamka. Mama alikuwa chini sakafuni akimwita mama yake kwa Kisukuma. Nikavaa gauni langu jeusi. Baba akaniangalia, akaangalia pembeni.

"Vua. Vaa sare. Jirani atakupa chakula mpaka turudi."

"Baba, nilimwahidi bibi."

"Nitamwambia nini mwalimu mkuu? Kwamba amekufa tena?"

"Mwambie ukweli."

"Wewe ulishamzika," akasema, akaenda kuwasha gari.

Hakukuwa na mtihani wala kitu chochote cha maana shuleni kesho yake, siku ya mazishi. Tulisoma hesabu. Ilipofika saa ya kuzika niliinamia dawati, na rafiki yangu, yule aliyelia mara ya kwanza, akaninong'oneza nina nini. Nikamwambia ni jino.