Tofali Lenye Jua la Jana

Wiki iliyopita nilipanga foleni katika ofisi ya serikali mjini Kitui, inayopokea maombi ya pesa za utafiti wa kawi kwa biashara ndogo. Mbele yangu mama mmoja wa kijiji cha Nuu alifungua leso, akaweka tofali jeusi mezani. Afisa akaligusa, akarudisha mkono haraka.

"Mbona iko moto?"

"Ni jua ya jana, mkubwa. Inashika joto, asubuhi napikia muthokoi, ile mahindi ya kukoboa."

"Umeijaribu?"

"Miaka tatu."

Afisa akatikisa kichwa. "Pesa hii ni ya kitu bado hujui kama kitafanya kazi. Yako inafanya."

Mama akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Kwani niilete ikiwa imeharibika? Kwetu mgeni hapewi muthokoi haijaiva."

Afisa akamsukumia fomu, akagusa sehemu moja kwa kalamu: *Eleza usichokijua.*

Mama akawaza sana, kisha akaandika: "Sijui serikali inataka nini."

Afisa akasoma mara mbili, akagonga muhuri. "Sasa hiyo ni utafiti."

Nimeligeuza jambo hili wiki nzima, bado sielewi. Ujinga wake ulipokelewa. Tofali likarudi Nuu, bado lina joto.