Pua ya Mama Mkwe na Lenzi ya Kuazima

Jamani, mimi ilibaki kidogo nikose mke kwa sababu ya pua. Na wala si pua yangu.

Nina studio ya picha. Ukiiita studio nakushukuru, maana ilikuwa stoo: hatua tatu tu umegonga ukuta. Kwa hiyo nilikuwa natumia lenzi pana, ile inayomeza chumba kizima, halafu namsogelea mteja mpaka nasikia anavyopumua.

Siku hiyo mpenzi wangu akamleta mama yake. Mwalimu mkuu, anastaafu Jumamosi, anataka picha ya kuweka kwenye bango la sherehe. Posa yangu iko kwake wiki ya tatu, jibu hakuna.

Nikasema leo ndiyo leo. Nikamsogelea mama wa watu, kamera karibu imguse. Nikapiga, nikatuma kwa wachapaji bila kuangalia mara mbili. Kiherehere changu hicho.

Ijumaa asubuhi wakaingia wote wawili. Mama akalikunjua bango mezani.

Pua imetangulia, mashavu yanafuata, masikio yamebaki nyumbani.

"Mwanangu," akasema taratibu, "hii pua ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Nimeishi nayo miaka sitini. Hatujawahi kufika huku."

Mpenzi wangu akanivuta pembeni. "Usipolirekebisha leo, posa sahau."

Nikamkimbilia mzee aliyenifundisha kazi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Bure kabisa wewe. Ukimkaribia mtu hivyo, pua inakuwa jirani na kamera kuliko masikio, lazima ivimbe. Rudi nyuma, lenzi ndefu itakuvutia uso." Akaniazima ya kwake, nzito kama mchi.

Sasa nirudi nyuma wapi, na chumba hatua tatu?

Nikafungua mlango, nikavuka barabara, nikasimama kwa fundi viatu. Mama kakaa kitini kule ndani, mimi huku napayuka, "Mama, kidevu juu kidogo!" Muuza ndoo akapita katikati. Mwenye baiskeli naye akasimama, akakaa pozi. Nikamfukuza, nikapiga.

Picha ilipotoka nikamwekea mama mezani. Pua imerudi kwake, macho yanaongea. Mama aliitazama muda mrefu, akafuta machozi.

"Huyu sasa ndiye mimi."

Moyoni nikasema, mke nimepata.

"Binti yangu muoe," akasema. "Ila nimekuelewa. Ukiwa karibu yangu unaniharibu, ukiwa mbali unanipendezesha. Tafuteni nyumba mwisho wa mji."

Huu mwaka wa tatu tunaishi huko. Kwenye simu ananisifia hakuna mfano.

Nilichojifunza: kabla hujasema mtu ana sura mbaya, angalia kwanza wewe umesimama wapi. Na kama ni mama mkwe, ongeza hatua.