Uyoga wa Kichuguu

Asifiwe Mungu, aliyetulisha tungali wadogo.

Juzi niliona uyoga sokoni Nyamache, nikakumbuka alasiri niliyotoka msituni na kikapu kinachonukia udongo wa mvua. Nyumbani hapakuwa na mboga. Shangazi alinizuia mlangoni.

"Tupa sumu hiyo! Unataka kutuzika?"

"Situpi, shangazi."

"Kichwa kama jiwe!"

Niligeuza uyoga mmoja, nikamwonyesha alama alizonifundisha nyanya: chini ya kofia ni mweupe, shingoni hauna pete, na mzizi mrefu umeshika udongo wa kichuguu.

"Tena si najisi," nikasema. "Ukingo wa kofia umepasuka kama kwato za ng'ombe."

Kanisani tulifundishwa kwamba mnyama safi ana kwato zilizopasuka. Nilidhani sheria hiyo inahusu uyoga pia. Leo najua hupasuka ukikomaa tu.

Mama aliuchunguza mzizi, akacheka, akainjika chungu.

"Basi uanze wewe," shangazi akasema.

Nilikula nikimtazama machoni. Kabla sijamaliza, alikuwa amevuta sahani.

Msomaji wangu, Mungu akujalie chakula chema, na moyo usiotikisika kwa jambo unalolijua.