Wavu wa Popo

Marehemu baba yangu, Norbert, aliwajua nyuki wa porini kuliko alivyowajua watoto wake, nami nasema hivyo bila kumwonea. Vilimani juu ya mji wa Baraka hakuna aliyemfikia kwa kutundika mizinga. Popo hakuwajua, na hilo ndilo lililomponza.

Mwaka 1954 alikuwa na haja moja tu: kupatana na kaka yake Casimir. Walikuwa wamekosana miaka sita kwa sababu ya shamba, na sasa Casimir alikuwa anakohoa damu. Katika ukoo wetu ugomvi wa ndugu huzikwa kwa pombe ya asali, wote wawili wakinywa kibuyu kimoja. Asali tupu ni zawadi, haina toba. Na asali yetu haichachi bila tunda la mvungunya, lile refu kama mchi. Mivungunya mingine ilikwisha kukatwa kupisha pamba ya wazungu. Uliobaki kwetu ulikuwa mmoja, kando ya kijito chetu.

Ulipochanua, baba aliona popo wadogo wakiingiza ndimi ndefu katika maua mara jua linapozama, na nyuki wakija asubuhi kuokota mabaki.

"Hizi popo zinaiba chakula ya nyuki yangu," alisema.

Akaazima wavu mkuukuu kwa Kassimu, mvuvi wa Lweba, akauzungusha kwenye mti. Popo walinasa kwa makumi. Mizinga ikajaa, baba akatamba kijiji kizima.

Mti haukuzaa. Tunda moja tu, changa, lilining'inia kwenye tawi la juu ya maji, ambako wavu haukufika. Mama alilitazama, akamwita baba kwa jina langu, kama kawaida yake.

"Baba Anastasie, nyuki anatupatia asali, we unamujengea nyumba. Popo alikuwa anabeba unga ya maua, anatupatia matunda, we unamuua."

Baba alichukua gunia. Alikwenda Lulimba kwa miguu kutafuta matunda, akarudi siku ya sita na mzigo begani. Akapitia moja kwa moja kwa Casimir. Mjane wake, mama mkubwa Constance, alikuwa amekaa chini, kichwa kimenyolewa.

"Shemeji, aliuliza kama umefika. Mara mbili aliuliza. Sasa hiyo pombe utakunywa na nani?"

Nilimchukia baba siku ile, na bado sijamaliza. Asali tuliila asubuhi na jioni mpaka tukakinai, maana haikuwa na kazi nyingine.