Robo ya Tanuri la Batuli

Mmenisumbua tangu mfungo uliopita. Kila mjukuu akirudi kutoka Dar es Salaam anapita barazani kwangu na mkate mkononi, mafuta yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko, ananiuliza, "Bibi, hivi huu mkate wa Mshihiri ulianzaje?" Mshihiri! Kalamu nimejifunza kuishika uzeeni na inanichosha mkono. Lakini nikinyamaza mtaendelea kusema uongo. Haya, someni.

Mkate ule ni wa dada yangu, Batuli.

Bibi yetu aliletwa Tabora na misafara kutoka Manyema, kichwani kabebeshwa pembe za ndovu za watu wengine. Hakurudi kwao. Sisi tukazaliwa Ng'ambo, mtaa wa hapa hapa Tabora, na bado tunaitwa Wamanyema, utadhani tulishuka jana. Zama za Mwingereza Batuli akaolewa na Awadhi, Mshihiri kutoka Uarabuni, aliyekuja kuuza kahawa ya birika akakosa wateja. Awadhi aliujua mkate wa mofa wa kwao, ule wa unga wa mtama unaobandikwa kwenye ukuta wa tanuri. Kuujua kwa kuula, nasema. Tanuri alilifinyanga Batuli mwenyewe kwa udongo wa kichuguu. Na ni Batuli aliyeupasua mkate ungali moto, akaujaza nyama iliyochambuliwa na kukaangwa kwa mawese ya Ujiji, juu yake embe bichi la kukuna na pilipili. Kabla yake hakuna aliyekula hivyo, si Uarabuni, si Manyema.

Treni ya Kigoma ikisimama stesheni, hatua chache kutoka uani kwao, abiria walining'inia madirishani.

"Mama, wangu zidisha mafuta, usinibanie!"

"Unayetaka mafuta, shukia Ujiji ukayaoge!" dada anajibu, huku anazidisha.

Awadhi kakaa pembeni na kanzu yake, anapokea salamu. Ndiyo maana watu wakadhani mkate ni wake.

Awadhi akafa kwa homa. Hawakujaliwa mtoto. Batuli akakaa eda, mjane ndani nyuma ya pazia, haonekani na mwanamume wa nje mpaka muda wake utimie. Hapo ndipo akatokea Salmini, binamu wa marehemu, kutoka Kigoma, machozi anayo tayari.

"Shemeji," akasema nyuma ya pazia, "wewe kaa eda yako kwa utulivu. Tanuri likizimika, watu watamsahau marehemu. Mimi nitalishika. Nielekeze tu."

Nikamnong'oneza dada, "Usimwelekeze. Acha lipoe."

"Mwanajuma, una roho mbaya wewe. Ndugu wa mume wangu, atanila?"

Akamwelekeza. Eda nzima sauti yake ilikuwa inapenya pazia: usibandike bado, ngoja ukuta uwe mweupe, mawese yaache yaive kwanza, embe ukishalikuna usilioshe. Na yule mwanamume huko uani, "Ahsante, shemeji. Ahsante, shemeji."

Siku ya kutoka eda tulimwogesha, tukamfukiza udi, akachukua ungo wake wa unga moja kwa moja mpaka uani. Akamkuta Salmini kaketi mbele ya tanuri na wazee wawili wa mtaa.

"Karibu, shemeji. Hili ni mali ya marehemu. Sheria inakupa robo, inayobaki ni ya ndugu zake. Sisi hatumdhulumu mtu."

"Awadhi hakutia hata kidole kwenye udongo huu."

"Tanuri liko uani kwake," akasema mzee mmoja, anatafuna. Anatafuna mkate wa dada yangu!

"Basi nionyesheni. Robo ya tanuri ni ipi? Mdomo au kitako?"

Wakacheka. Batuli akaingia jikoni, akatoka na mchi, akaupiga mdomo wa tanuri mpaka ukaanguka vipande. Akaviokota akavifunga kwenye kanga.

"Robo yangu hiyo nimechukua."

Mnaopenda hadithi mtasema hapo alishinda. Alishinda nini? Salmini alijenga jingine la matofali, treni ikasimama, watu wakala. Wanawake waliolia naye msibani ndio waliotangulia kwenye foleni, wanaambiana Batuli kapandwa na shetani. Nilimpa ua wangu, akafinyanga tanuri upya. Mteja wa kwanza akauonja mkate, akalamba vidole, akamwambia, "Si mbaya, mama. Unamwiga Mshihiri?"

Jioni ile dada alimwaga unga kwa kuku. Akaenda Urambo, akawapikia vibarua wa tumbaku ugali na mlenda miaka na miaka, wala hakubandika mkate tena. Aliporudi kwangu mgonjwa nilimpelekea unga wa mtama kitandani, nikamwambia nielekeze basi hata mimi, nife nao. Akageukia ukutani. Salmini alielekezwa, mimi sikuelekezwa. Tukamzika.

Sasa nimewaandikia, na ahsante zenu sizitaki. Ijumaa baada ya swala njooni na majembe. Kaburi la Batuli magugu yamelifunika, halionekani hata kichwa kiko wapi, na magoti yangu hayakunjiki. Mtalipalilia ninyi mnaoula huo mkate. Asiye na jembe aazime kwa jirani.