Mrija Kwenye Mtungi wa Mama Kim

Mimi ni shemasi. Pombe niliiacha tangu tukiwa kambi ya wakimbizi Tanzania, na kanisani hapa Columbus, Marekani, ndimi ninayewakemea walevi.

Jumamosi iliyopita Kim, Mkorea ninayefanya naye kazi ghalani, alitualika kwake Hilliard, mimi na mke wangu. Nyuma ya nyumba nikaona mitungi mikubwa ya udongo imepangwa juani, inanuka uchachu ninaoujua. Kim akasema ni ya mama yake, na kwamba udongo ule unapumua, ndiyo maana vilivyomo vinaiva vizuri.

Kumbe Wakorea ni ndugu zetu kabisa! Kwetu Burundi pombe ya mtama huiva mtungini hivyohivyo, na mgeni huinywa kwa mrija.

Kim na mke wangu walipoingia ndani, nikachomoa mrija kwenye soda yangu, nikafunua mtungi uliojaa hadi shingoni, nikavuta kwa pumzi zangu zote.

Chumvi tupu! Nikakohoa hadi mlango ukafunguliwa. Mama yake Kim akauona mrija, akaiona midomo yangu myeusi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hiyo ni sosi ya soya," Kim akasema. "Ulidhani nini?"

Mke wangu akajibu kwa Kiingereza, polepole, wote waelewe: "Shemasi wetu alidhani ni pombe."